Nyumba ya Wakfu Itengenezwe, na Sisi Tubaki Ndani

Boriti ya chooni kwetu ilikatika usiku wa kuamkia Ijumaa, Aprili 2018, masika yameshika kasi. Sikusikia kishindo. Nilisikia mtu akisema "Subhanallah" kwa sauti ndogo, kisha sufuria ikibingirika ngazini. Asubuhi tulipopanda kuangalia, kipande cha sakafu chenye ukubwa wa sinia ya pilau kilikuwa kimeangukia jikoni kwa jirani wa ghorofa ya kwanza. Pale boriti ilipoingia ukutani pamebaki unga mweusi kama tumbaku ya kunusa. Ukitia kidole, kinazama.

Nyumba yetu iko Mji Mkongwe, Unguja. Ni ya wakfu, ghorofa mbili juu ya ukumbi, vyumba kumi na moja, familia tisa. Mimi ni mshoni. Nimezaliwa humo, cherehani yangu iko ukumbini karibu na mlango mkubwa, na hapo ndipo kila mwenye shida ya nyumba huanzia kabla ya kupanda juu. Kutoka usiku ule mpaka mafundi walipofungua jukwaa lao la mwisho ilipita miaka minne. Siku hizi wapangaji wa nyumba nyengine wanakuja barazani kuniuliza tulifanyaje, tulimpata nani, tulilipa nini. Nimechoka kuanza upya kila mara, basi naandika, anayetaka asome.

Kimoja nikitangulize, maana sisi tulikijua kwa kuchelewa: nyumba mbovu haina mgombanaji. Wanaoigombea huja ikishatengenezwa. Tangu Mji Mkongwe uingizwe katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, nyumba iliyokuwa ikikimbiwa kwa kuvuja, ikipigwa chokaa mpya tu, wanakuja watu na tepu wanauliza vyumba vingapi vinaweza kutiwa choo cha ndani. Kwa hiyo ushirika wowote mtakaoingia, wa jumuiya, wa mfadhili au wa msikiti, msianze kuuliza pesa zinatoka wapi. Ulizeni kazi ikimalizika nani atalala chumba gani, na hilo limeandikwa wapi.

Jueni kwanza nyumba ni ya nani

Mji Mkongwe una majengo kiasi cha 1,700, na wenyewe si wa namna moja. Zipo za watu binafsi. Zipo za Serikali, khasa zile zilizochukuliwa baada ya Mapinduzi ya 1964 na kupewa familia zilizotoka Ng'ambo, upande wa pili wa mji, na mashamba. Na zipo za wakfu. Mtu anaweza kukaa miaka thelathini asijue yake ni ipi, maana kodi anampa mtu yule yule aliyekuwa akimpa mama yake, na risiti hakuna.

Wakfu, kwa asiyejua, ni mali ambayo mwenyewe ameifunga kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Kinachogawiwa ni mapato yake, ama kwa jambo la kheri kama msikiti, kisima na maskini, ama kwa kizazi cha aliyeweka wakfu, au vyote viwili kwa mpango. Anayeisimamia anaitwa mutawalli. Na juu ya mali hizi iko Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo ilitungiwa sheria mwaka 2007.

Itafuteni hati ya wakfu. Msitosheke na "sisi tunajua ni wakfu". Yetu ilikuwa nakala ya karatasi ya Kiarabu, kingo zimeliwa na mende, kwa jamaa mmoja wa mutawalli. Tulimpelekea imamu wa msikiti wa mtaani akatusomea sentensi moja moja, na mimi nikawa naandika Kiswahili chake. Sentensi ya tatu ndiyo iliyotuokoa: mapato ya nyumba yaanze kutengeneza nyumba yenyewe, kisha mafuta ya taa ya msikiti, kinachobaki kigawiwe kizazi. Matengenezo kwanza! Imamu akasema hilo si geni, ndiyo desturi ya wakfu, maana mali ikianguka hakuna tena cha kugawa. Tangu siku hiyo tukawa hatuendi kuomba huruma ya mtu. Tukenda na hati mkononi.

Warithi wa mapato wenyewe walikuwa wamesambaa. Wawili Unguja, mmoja Dar es Salaam, waliobaki Maskati na mmoja Toronto. Tuliwakusanya kwenye kikundi kimoja cha WhatsApp. Nawashauri mfanye hivyo mapema, kabla hamjafika kwa mfadhili, maana wa Maskati akisikia mwisho kwamba nyumba ya babu yake inafanyiwa kazi atadhani inaporwa. Sisi tuliwatumia picha ya ile shimo la chooni, si picha ya mlango wa kuchonga. Mmoja alijibu saa ile ile: "Kumbe watu wanaishi humo?"

Kisha pigeni hesabu mbele yao. Familia tisa, kila moja shilingi 20,000 kwa mwezi, ni 180,000. Mwaka mzima ni 2,160,000. Fundi alitutajia bei ya paa peke yake, mbao na bati, ikawa zaidi ya mara tano ya hiyo, na bado hatujagusa ukuta. Hapo kila mtu aliona mwenyewe kwamba hakuna mwizi. Kodi ndogo iliyotuwezesha kuishi mjini ndiyo hiyo hiyo iliyoshindwa kuitengeneza nyumba. Ndiyo maana anahitajika mtu wa tatu, asiyetafuta faida.

Daftari la vyumba

Hapa ndipo nitakapokaa kitako, kwa sababu watu wengi hupita mbio.

Nunueni daftari la jalada gumu, lile la kuandikia madeni ya duka. Kila chumba kipewe ukurasa wake. Andikeni chumba kiko wapi (sisi tuliandika "ghorofa ya kwanza, mkono wa kushoto ukitoka ngazini, dirisha la kichochoroni"), urefu na upana wake, nani anakaa, tangu lini, analipa ngapi na kwa nani, wangapi wanalala humo usiku. Mimi nilipima vyumba kwa tepu yangu ya kushonea, sentimita 150, nikiweka alama ya chaki kila inapoisha. Vyumba vyote vilikuwa vyembamba, karibu mita tatu hivi, kwani upana wa chumba cha Mji Mkongwe unaamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko. Msanifu alipokuja baadaye na mashine yake ya taa nyekundu, tulitofautiana kwa vidole viwili tu. Nilijisikia!

Ongezeni safu moja ambayo hakuna fomu ya mtu yeyote inayo: nani hawezi ngazi. Nitairudia chini.

Ugomvi utatokea hapa, na afadhali utokee hapa. Kwetu chumba kimoja cha juu kilikuwa na wenyewe wawili. Kijana alikuwa amekaa humo miaka sita, na shangazi yake aliyehamia Pemba alikuwa bado anatuma kodi. Kila mmoja ana haki yake. Tulikaa nao ukumbini siku tatu baada ya Isha, na mwisho tukaandika hivi: aliyelala humo ndiye anayeorodheshwa, na shangazi akirudi anapewa nafasi ya mwanzo chumba kitakachoachwa. Shangazi hakufurahi. Alisaini.

Asiye na risiti msimwache nje. Tafuteni majirani wawili wa kumshuhudia, waandike majina yao kwenye ukurasa wake. Daftari likikamilika, mpelekeeni sheha (kiongozi wa Serikali wa mtaa), kila mkuu wa familia asaini au atie dole gumba mbele yake, naye apige muhuri. Fanyeni nakala nne. Tulipokuja kuandika mkataba, daftari hili ndilo lililobandikwa nyuma yake kama kiambatisho, na hakuna karatasi nyengine iliyotusaidia kama hiyo.

Jumuiya yenu

Hili nalipita haraka. Undeni jumuiya ya wapangaji, iandikisheni, fungueni akaunti. Asilimia kubwa ya kazi ni kupiga foleni. Wekeni saini tatu za benki, na watu watatu hao wasitoke familia moja. Anzeni kuchanga kabla hamjamtafuta mtu. Sisi tuliugeuza upatu wetu: tulikuwa tunachezeana 10,000 kila mwezi, tukakubaliana mzunguko mmoja mzima asile mtu. Haikuwa pesa ya kujengea nyumba, ila mgeni akiuliza "nyinyi mna nini?" tunamwonesha kitabu cha benki.

Mshirika wa kumpokea na wa kumwambia asante, kwaheri

Wa kwanza kuja kwetu alikuwa na fulana zenye nembo. Simtaji, na kwa kweli watu wake walikuwa wema. Walipiga picha nyingi sana za mlango. Mlango ulikuwa mzima, karne nzima na ushei. Kibovu kilikuwa choo. Wakaleta nguzo za miti kuegemeza sakafu, wakavua bati za nusu ya paa, upande wa nyuma, wakasema mbao mpya zinakuja. Mbao hazikuja. Mradi wa mfadhili wao huko nje ulikwisha muda, awamu ya pili haikutoka, na tukakaa miezi tisa chini ya turubali la buluu. Vuli ikatukuta humo, na masika yakatukuta humo. Kila upepo wa usiku turubali lilikuwa likipiga kama tanga, watoto wakazoea, sisi wakubwa hatukuzoea.

Hapo ndipo nilipojifunza maswali ninayowapa watu barazani.

Nyumba ipi mmeshaimaliza? Twende tukaione, na tuzungumze na wapangaji wake bila nyinyi kuwepo. Wakikwambia wapangaji wamehamia pazuri zaidi, shukuru uondoke.

Pesa iko benki, au bado ni ombi? Ombi si dhambi. Lakini kama ni ombi, hakuna kitu kivuliwe. Sheria yetu sasa ni kwamba bati la zamani halitoki mpaka bati jipya liko uani, limehesabiwa.

Kazi ikisimama katikati, nani ataifunga nyumba isinyeshewe, na kwa pesa ipi? Kila mradi uwe na fungu limetengwa kwa hilo tu. Mshirika wetu wa pili, jumuiya ya hapa hapa yenye msanifu na mafundi wake, ndiye aliyeleta wazo hilo kabla hatujauliza. Nikajua huyu ameshawahi kuumia kama sisi.

Na mtazameni anazungumza na nani. Akija akapanda moja kwa moja kwa mutawalli, akapita ukumbini bila salamu, mkataba wake nao utakuwa hivyo hivyo.

Mkataba wa pande tatu

Pande ni wapangaji, mutawalli, na mshirika. Mali ya wakfu haifungwi mkataba kienyeji, kwa hiyo Kamisheni ihusishwe tangu rasimu, msiipelekee kitu kilichokwisha kusainiwa. Uandikwe kwa Kiswahili, na iandikwe kwamba Kiswahili ndicho kinachotawala pakiwa na mgongano. Rasimu ya kwanza tuliyoletewa ilikuwa ya Kiingereza, na neno moja, lile la kuhama kwa muda, lilikuwa limeandikwa bila ya "kwa muda". Labda ni bahati mbaya. Tulilirudisha neno letu.

Haki ya kurudi. Kila aliyemo kwenye daftari anarudi chumba chake, au chumba alichokikubali kwa saini yake. Sisi tuliongeza jambo dogo ambalo wakili alilicheka: aliyehama wakati wa kazi anabaki na ufunguo wake, na anaacha kitu chumbani. Kitanda, kabati, hata mkeka. Chumba chenye kabati la mtu kina mtu.

Kodi. Msing'ang'anie ibaki pale pale, mtarudi kwenye boriti iliyooza. Tulikubali ipande kutoka 20,000 hadi 30,000 kwa familia saba, na wazee wawili wabaki 20,000. Nyongeza hiyo, 70,000 kwa mwezi, haiendi kwa mutawalli wala kwa warithi. Inaingia mfuko wa matengenezo, 840,000 kwa mwaka. Kodi ikafungwa hivyo kwa miaka mitano, na baada ya hapo haipandi bila ya pande tatu kukaa.

Chumba kikiachwa. Hili ndilo tundu ambalo nyumba za maskini hupotelea, kimya kimya, chumba kimoja kimoja. Mzee anafariki, chumba kinafungwa "kwa matengenezo", kinafunguliwa kina kiyoyozi. Andikeni nani anafuata: mtoto aliyekuwa akiishi humo, kisha orodha ya wanaongoja inayosimamiwa na jumuiya na sheha. Na andikeni waziwazi kwamba hakuna chumba kitakachopangishwa wageni kwa usiku.

Fremu ya mbele. Mshirika alipendekeza chumba cha chini kinachotazama barabara kiwe duka, kwa kodi ya soko, ili kodi hiyo isaidie vyumba vya juu. Hesabu yake ilikuwa nzuri. Mimi nilipinga, kwa sababu chumba hicho ndicho pekee chenye kizingiti kifupi na choo karibu. Tulibishana wiki mbili. Mwisho duka likapewa kile kijichumba cha pembeni kilichokuwa ghala, dogo kuliko walivyotaka, linauza viungo, na kodi yake inalipa umeme wa ngazi, pampu ya maji na fundi bomba. Nyumba zenye mbele pana zifikirie jambo hili, lina maana. Ila hesabuni kwanza nani anatolewa ili duka liingie.

Pesa. Hakuna malipo bila ya saini tatu, moja kila upande. Risiti zote zilibandikwa ukutani ukumbini, juu ya cherehani yangu. Mtoto wa darasa la tano alituonesha mifuko ya simenti imejumlishwa mara mbili.

Kazi yenyewe

Kujenga chochote Mji Mkongwe kunataka kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, hata kazi mnayoiona ndogo. Michoro aliipeleka msanifu wa mshirika. Nyinyi mnachoweza kufanya ni kuwa na mtu wenu katika kila mkutano na kuandika kilichosemwa.

Mpangilio wa kazi ni maji kwanza, paa la pili, ukuta wa tatu, rangi mwisho. Mfadhili atataka kinyume chake, maana rangi ndiyo inayopigwa picha. Nyumba zetu ni mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa na udongo, na sakafu zake ni boriti za mikoko. Adui wa vyote hivyo ni maji yaliyokaa. Kwetu bomba la choo cha juu lilikuwa likitoa tone moja kila baada ya pumzi mbili hivi, kwa miaka, ndani ya ukuta, juu ya kichwa cha boriti ile ile. Tuliweka bomba jipya nje ya ukuta, linaonekana, baya la sura, na likivuja linaonekana vile vile.

Boriti za mikoko hazipatikani kama zamani na ukataji wake una vibali. Tulitumia chache nzuri pale zinapoonekana, kwengine mbao zilizotiwa dawa. Vichwa vyake visizikwe ndani ya simenti. Fundi aliacha kinafasi cha kupumua kila kimoja. Na hakuna boriti itolewe kabla sakafu haijaegemezwa. Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Sultani hapa Mji Mkongwe, ilipoanguka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020, ukarabati ukiendelea, sisi tulikuwa bado tunalala kwenye nguzo za yule mshirika wa kwanza. Nyumba nzima ililala ukumbini usiku ule.

Sasa simenti. Miaka ya tisini marehemu baba yangu alichanga na wenzake wakapiga lipu ya simenti ukuta wa kaskazini. Ulipendeza masika mawili. Mwaka wa tatu ukaanza kutoa chumvi nyeupe, kisha ukabanduka kipande kizima, na nyuma yake mawe yakafuatana nao kama meno. Fundi mkuu wa kazi yetu, mzee aliyejifunza chokaa katika ukarabati wa miaka ya tisini hapa mjini, alipiga ukuta ule kwa fundo la kidole, ukalia mtupu. Akaniambia: "Mwanangu, hili koti la mpira. Umemvika mtu, jasho litoke wapi?"

Chokaa yake alikuja nayo katika mapipa, imelala chini ya maji miezi mitatu. Alizamisha mwiko, akautoa, akaupindua. Chokaa ikabaki imeshika, nyeupe, laini kama siagi ya ng'ombe. Isiyokomaa inadondoka. Kipimo ni ndoo moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, na mchanga uwe wa shamba uliochekechwa. Wa pwani una chumvi, utarudi pale pale. Ukuta unamwagiwa maji kwanza. Lipu inapigwa nyembamba, si zaidi ya unene wa kidole, inaachwa siku kadhaa, inapigwa nyengine. Upande wa jua tulitundika magunia na kazi ya watoto ilikuwa kuyamwagia maji asubuhi na alasiri, maana chokaa ikikauka haraka inapasuka nyufa kama yai. Kazi ya chokaa ni ya polepole, na mshirika asiye na subira atawaambia "tuchanganye na simenti kidogo tu". Kataeni.

Tuliigawa nyumba nusu kwa nusu. Nyuma kwanza, familia nne zikajibana mbele, mbili zikenda kwa jamaa zao Kikwajuni kwa miezi minne. Kisha tukageuka. Ni ghali kuliko kuitoa nyumba yote watu. Lakini nyumba haikuwa tupu hata usiku mmoja, na mimi cherehani yangu niliihamisha mara mbili tu.

Asiyeweza ngazi

Katika ile safu ya daftari kulikuwa na majina matatu. Mmoja, Bi Mkubwa wa ghorofa ya pili, alikuwa na miaka zaidi ya themanini na hajashuka chini kwa mwaka mzima. Ndoo yake ya maji ilipandishwa kwa kamba. Msiba wa ndugu yake mtaa wa pili aliusikilizia dirishani.

Kuitengeneza nyumba na kumwacha yeye juu isingekuwa kazi. Chumba cha chini, kile nilichokigombania, kilikuwa na kijana mvuvi. Alikubali kubadilishana, kwa sharti apate dirisha la baharini, na akalipata. Choo cha chini kiliongezwa upana wa mlango na kikawekwa kiti. Ngazi, ambazo tangu enzi zilikuwa na kamba tu ya kushikia, ziliwekwa mkono wa mbao. Kizingiti cha mlango mkubwa hakikatwi, ni cha urithi, basi fundi seremala alichonga mteremko wa mbao wa kuweka na kuondoa. Unakaa nyuma ya mlango.

Mbao peke yake hazimtunzi mtu. Tuliandika zamu: nani anampelekea chai, nani anakwenda naye hospitali, nani anamsomea karatasi zake. Alikuwa hajaandikishwa pencheni jamii, ile iliyoanza Aprili 2016 kwa kila aliyetimiza miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi, ikapandishwa baadaye kufika 50,000. Shida ilikuwa kitambulisho chenye umri usio sahihi. Mtu wa mshirika alifuatana naye mara tatu mpaka kikarekebishwa, na sasa kodi yake anailipa mwenyewe, kwa mkono wake, tarehe moja. Mkitafuta mshirika, muulizeni kama anafanya kazi za namna hii. Wengi wanajua kujenga tu.

Baada ya mafundi kuondoka

Mshirika aliyemaliza akaondoka amefanya nusu. Wetu mkataba unamtaka arudi mara mbili kwa mwaka kwa miaka mitano, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli. Anapanda na mmoja wetu mpaka juu, wanakagua mlizamu (mfereji wa maji ya paa), viungo vya bati, vichwa vya boriti, karo la maji machafu. Wanaandika kwenye daftari lile lile, upande wa nyuma.

Kati ya ziara hizo, mlizamu ni kazi yetu. Februari iliyopita mvuvi alipanda na kijiko cha bustani na ndoo. Alishusha majani ya mwarobaini, kiatu kimoja cha mtoto, na kofia ya viua niliyoitafuta tangu Idi.